Baiskeli ya Kwanza ya Resi: Anza na Mwili Wako

Leo tunazungumza na wewe unayetafuta baiskeli yako ya kwanza ya resi, ile ya usukani uliopinda, na pesa uliyonayo ni ya kuhesabu.

Usianze na rangi wala jina la kampuni. Anza na fremu. Simama, baiskeli ikiwa katikati ya miguu: bomba la juu lisikubane. Kisha kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Sasa shika usukani. Ukilazimika kujinyoosha hadi mabega yakaze, iache, hata kama bei ni ya kutupa. Kiti hupandishwa na kushushwa, lakini fremu ndefu haifupishwi.

Matairi je? Baiskeli nyingi za mtumba zina tairi la milimita 23, jembamba na gumu. Kwa barabara zetu za viraka na matuta, tafuta fremu yenye nafasi ya milimita 28 au 32. Tairi pana halihitaji kujazwa upepo mwingi, hivyo hupunguza mtikisiko unaofika mgongoni. Kwangu mimi hilo ni muhimu kuliko wepesi.

Bakiza pesa ya taa, helmeti na breki mpya. Kabla ya kulipa, zungusha magurudumu uone kama rimu imepinda, kisha omba kuiendesha. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.