Kupanga au Kununua Fleti kwa Mshahara Mmoja

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa Kaunti ya Mombasa na vijana wanaofanya kazi mjini. Salamu zimefupishwa.



Nimeombwa nizungumze na nyinyi ambao hamjaoa wala kuolewa, mna kazi, na kila mkienda nyumbani mnaulizwa swali moja: utapanga mpaka lini? Mimi mwenyewe ni mpangaji, na swali hilo naulizwa kila Idi. Nyuma yake kuna imani kwamba kodi ni pesa ya kutupa, na kwamba mwenye kununua analipia chake. Ningependa tuanze hapo, kwa sababu imani hiyo imewaingiza watu kwenye mikopo kabla hawajapiga hesabu.

Tuchukue mfano. Fleti ya vyumba viwili inauzwa shilingi milioni 5. Jirani yake, iliyo sawa nayo kwa kila kitu, inapangishwa kwa 30,000 kwa mwezi. Una milioni 1 ya kutanguliza, benki inakupa milioni 4 kwa riba ya asilimia 14, miaka 20. Kila mwezi utalipa takriban 49,700. Sasa sikilizeni vizuri: katika malipo ya mwezi wa kwanza, karibu 46,700 ni riba. Nyumba yenyewe umeilipia kama 3,000 tu. Miaka ya mwanzo yote iko hivyo, na ukikamilisha miaka 20 utakuwa umeilipa benki karibu milioni 12 kwa mkopo wa milioni 4.

Kwa hiyo mpangaji analipa 30,000 kwa mwenye nyumba, na aliyenunua analipa 46,700 kwa benki. Zote mbili hazirudi. Bado hatujahesabu ada ya huduma ya jengo, yaani mlinzi, lifti, taka, jenereta na maji. Wanaoishi Nyali na Bamburi wanajua gharama ya bauza kisima kinapotoa maji ya chumvi. Tuseme 5,000 kwa mwezi. Aliyenunua sasa anatoa karibu 24,700 zaidi ya jirani yake mpangaji. Mpangaji akiiweka tofauti hiyo kwenye sacco kila mwezi, bila kuikosa hata mara moja, hajatupa chochote. Akiila, basi mama yake ana haki ya kumuuliza swali lile.

Riba ikishuka hesabu inabadilika. Mkopo huohuo kwa asilimia 9.5 ni takriban 37,300 kwa mwezi. Ndiyo maana nawaambia mkaulizie mikopo inayopitia Kenya Mortgage Refinance Company, ambayo hukopesha benki na sacco ili nazo ziwakopeshe wananchi kwa riba nafuu. Ulizeni taasisi yenu kama imo.

Tofauti kati yenu na wenye ndoa inaanzia kwenye mshahara. Mume na mke wakichukua mkopo, mmoja akiachishwa kazi kuna mwingine wa kushikilia. Wewe uko peke yako. Halafu kuna Sheria ya Ajira, inayosema makato yote ya mshahara yasizidi theluthi mbili. Mwenye mshahara wa 100,000, ushuru na makato mengine ya lazima yanakula zaidi ya robo. Mkopo wa 49,700 hauwezi kuingia hapo. Ule wa 37,300 huenda ukaingia kwa shida, na ukishaingia hakuna nafasi ya kitu kingine: karo ya mdogo wako, hospitali ya mzee, wala harusi yako mwenyewe.

Maoni yangu, na si msimamo wa kaunti: ukiwa peke yako, usinunue kwa mkopo kama huna akiba ya miezi sita ya malipo ukishatoa dipoziti na gharama zote. Wala usinunue kama kazi yako inaweza kukuhamisha Kisumu au Doha ndani ya miaka mitano. Mpangaji akihamishwa anatoa notisi ya mwezi mmoja. Mwenye fleti anatafuta mnunuzi, na mnunuzi akijua una haraka hukupa bei yake.

Lakini wapo wanaofaa kununua. Mwalimu aliyeajiriwa kwa kudumu, muuguzi, mfanyakazi wa bandari mwenye miaka kumi kazini, anayejua atazeekea hapahapa. Kodi hupanda na mwenye nyumba anaweza kukuambia uhame. Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi tu, na sidhani kuna fleti ya bei hiyo. Kwa hiyo mpangaji wa fleti kinga yake ni mkataba wake, nao uwe wa maandishi: kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, dipoziti itarudishwa vipi, notisi ni ya muda gani.

Ukiamua kununua, ipo misaada ambayo wengi hawaijui. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi inaondolewa kwenye mapato yako kabla ya kutozwa ushuru, hadi 360,000 kwa mwaka. Na kama una akiba kwenye mfuko wa pensheni, kanuni za 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba hiyo kununulia nyumba, bila kuzidi milioni 7. Fikirini mara mbili kuhusu hiyo ya pensheni, kwa sababu asiye na mwenzi wala mtoto uzeeni ataihitaji zaidi kuliko mwingine yeyote.

Kuna pia nyumba za bei nafuu za serikali, ambazo unajisajili kupitia Boma Yangu. Huhitaji cheti cha ndoa. Lakini fahamu kwamba Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakutaka upate idhini ya maandishi ya Bodi kabla ya kuiuza. Anayepanga kununua leo auze kesho kwa faida, hiyo si yake.

Sasa tuje kwenye karatasi. Hapa ndipo nataka muwe wakali.

Sisi watu wa Mombasa tunajua kuliko wengi kwamba nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kingine. Mitaa mingi yetu ya zamani imejengwa kwa utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na wewe unamlipa kodi ya kiwanja. Familia zimeishi hivyo vizazi kadhaa, kisha mwenye ardhi akauza na kesi zikaanza. Ajabu ni kwamba mjukuu wa nyumba kama hiyo anaweza kwenda kununua fleti ghorofa ya sita bila kuuliza ardhi iliyo chini ya jengo ni ya nani.

Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mwenye fleti hatimiliki yake, kwa jina lake, pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja, yaani ngazi, paa, maegesho na ardhi yenyewe. Zamani wengi walipewa mkataba mdogo wa kukodi, na hati kuu ikabaki kwa mjenzi au kampuni ya kusimamia jengo. Muulize muuzaji waziwazi: nitapata hatimiliki ya fleti hii, au nitapata nini? Kama ardhi ni ya mkataba wa miaka, uliza imebaki mingapi. Ikiwa chini ya 21, sheria hiyo haiwezi kutumika.

Wakili awe wako, uliyemtafuta mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali. Afanye upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi aone kama hati kuu imewekwa rehani benki, kwa sababu mjenzi asipolipa mkopo wake, benki itakuja kwenye jengo na wewe umo ndani. Adai cheti cha kuonyesha kwamba ada za ardhi za kaunti zimelipwa, na kibali cha kaunti cha jengo kukaliwa. Vyeti hivi viwili vinatoka kwetu, na muuzaji akikwambia "vinakuja", mwambie nawe pesa zinakuja. Weka kando ushuru wa stempu pia, asilimia 4 ya thamani kwa nyumba za mjini. Kwa fleti yetu ya mfano ni 200,000, na benki kwa kawaida haikukopeshi hiyo.

Wanaonunua kwenye ramani, jengo likiwa bado shimo, nawaombeni msilipe mjenzi moja kwa moja. Pesa zikae mahali zinapotolewa kadiri ujenzi unavyosonga, na mkataba useme mtarudishiwa vipi ukikwama.

La mwisho ni jina. Dada zangu mnaambiwa mkinunua nyumba kabla ya kuolewa mtawatisha waume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali uliyoipata kabla ya ndoa inabaki yako, ingawa mwenzi akichangia kuiendeleza anapata haki kwa kiasi cha mchango wake. Waislamu wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu, ambayo nayo mali ya mke ni ya mke. Mkinunua na mchumba, majina yote mawili yaandikwe pamoja na fungu la kila mmoja. Anayekataa kuandikwa fungu lako kwenye hati huku anapokea mchango wako wa M-Pesa amekwisha kukujibu.

Na mkishanunua, andikeni wosia. Asiyeacha mke, mume wala mtoto, mali yake kwa sheria ya urithi huenda kwa wazazi, na kama hawapo, kwa ndugu. Huenda dada aliyekulea asipate kitu. Kwa Muislamu, mafungu ya warithi yanajulikana, na wasia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi moja. Hilo mtu hulizungumza kwa Kadhi akiwa mzima, hati ikiwa mkononi.

Naona mikono imeshaanza kuinuka. Tuanze na wewe dada wa nyuma.