Wasifu wa Mwombaji na Kazi Isiyoonekana: Hali ya Kigongo na Ukanda wa Ziwa Baada ya Daraja

Mada ya semina

1. Wasifu na sehemu zake

Wasifu ni karatasi inayomweleza mtu kwa mwajiri ambaye hajawahi kumwona. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania huuita "maelezo binafsi yanayojitosheleza", wataalamu wa lugha huuita wasifukazi, na mtaani ni CV tu. Sehemu zake zinafahamika: jina na mawasiliano, elimu, mafunzo, uzoefu wa kazi, ujuzi, lugha, wadhamini. La karibuni hutangulia, la zamani hufuata. Kurasa mbili zinamtosha karibu kila mtu asiye profesa. Barua ya maombi huenda pamoja nao, na kwa nafasi za serikali barua hiyo huruhusiwa kuwa ya Kiswahili au ya Kiingereza, mradi iwe imesainiwa.

Yapo pia yasiyohitajika. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ulemavu na mengine kadhaa. Mwombaji anayeanza ukurasa kwa kutaja kabila lake na idadi ya watoto anampa mwajiri taarifa asizopaswa kuzitumia, na anapoteza nafasi ambayo ingeeleza kazi.

Hayo yote yamefundishwa mara nyingi, na yakikosewa hurekebishwa kwa nusu saa. Tatizo la Ukanda wa Ziwa liko kwenye sehemu moja, ya uzoefu wa kazi, na ndiyo itakayochukua kurasa zilizobaki.

2. Kigongo ilivyo sasa

Kwa miaka mingi Kigongo, wilayani Misungwi, ilikuwa mahali pa kusubiri. Magari ya kwenda Sengerema, Geita na Bukoba yalipanga foleni kungoja kivuko cha TEMESA (Wakala wa Ufundi na Umeme) yavuke Ghuba ya Mwanza hadi Busisi, na foleni hiyo ilikuwa shamba la watu wengi: wauza samaki wa kukaanga, mama lishe, wachukuzi wa mizigo, wauza maji. Februari 2020 ujenzi wa daraja ulianza, na sehemu ya watu hao wakahamia saiti. Daraja lenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45 lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, likiwa na jina la hayati Rais John Magufuli. Gari sasa linavuka kwa dakika chache. Foleni imekwisha, na saiti nayo imekwisha.

Kwa hiyo makundi mawili yamejikuta yakihitaji wasifu kwa wakati mmoja: waliojenga daraja na waliokula kwa kivuko. Kazi wanazozitazama hazipo mbali. Ipo reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021 pale Fela, wilayani Misungwi humohumo. Upo mgodi wa dhahabu wa Geita, ng'ambo ya daraja. Vipo viwanda vya minofu ya sangara jijini Mwanza, na zipo meli. Waajiri wa aina hii hupokea bahasha nyingi kwa nafasi chache, na msomaji wa bahasha hizo hutafuta jambo moja kwanza: mtu huyu amewahi kufanya nini kwa mikono yake?

3. Wasifu wa steshenari

Wasifu mwingi wa ukanda huu hauandikwi na mwombaji. Huandikwa steshenari. Mwombaji hufika na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, hukaa kwenye stuli ya plastiki, hutaja jina na namba ya simu. Mwandishi hufungua faili la mteja wa jana, hufuta jina la zamani, huweka jipya. Shule hubadilishwa. Kwenye uzoefu huongezwa mstari mmoja. Malengo ya maisha, sifa binafsi na mambo anayoyapenda mhusika hubaki kama yalivyokuwa, na ndiyo maana waombaji kumi wa nafasi moja wote hupenda kusoma vitabu na kutazama mpira, wote ni wachapakazi, wote wanaweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa. Wakati mwingine hata mdhamini wa mteja wa jana husahaulika palepale. Mwajiri akipiga simu huambiwa kwamba mtu huyo hajulikani, na maombi huishia hapo bila mwenyewe kujua kosa lilipotokea.

Mada hii haikusudii kumnyooshea kidole mwenye steshenari. Analipwa kwa ukurasa, halipwi kwa kuuliza maswali, na nyuma ya mteja huyu wapo wengine wanne wanaotaka kutoa kopi. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba semina za kuandika wasifu zimefanyika miaka nenda rudi, washiriki wamegawiwa vielelezo vizuri, na vielelezo hivyohivyo vimeishia kwenye kompyuta za steshenari vikigeuzwa jina tu. Kielelezo kimekuwa sehemu ya ugonjwa.

Lugha nayo huzidisha tatizo. Wasifu huo huandikwa kwa Kiingereza ambacho mara nyingi mwenye nao hawezi kukisoma. Siku ya usaili anaulizwa kuhusu sentensi iliyo chini ya jina lake mwenyewe, naye anaiangalia kama barua ya jirani. Pale ambapo tangazo halikutaja lugha, Kiswahili anachokimudu mwombaji kinamsaidia kuliko Kiingereza cha kuazima.

4. Mstari mmoja ukifunguliwa

Ubaya wenyewe unaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Huu umetungwa kwa ajili ya mada, ingawa sura yake ni ya kawaida. Kijana wa Kigongo analeta wasifu ambao uzoefu wake wote ni maneno haya: kibarua, daraja la Kigongo–Busisi, 2020 hadi 2024. Zaidi ya miaka minne ya jasho imekaa kwenye mstari mmoja, sawa na wa mtu aliyechimba mtaro wiki mbili.

Akiulizwa ulikuwa unafanya nini, atajibu "kazi za ujenzi". Swali hilo halifai kwa sababu linamtaka ajumlishe, na kujumlisha ndiko kulikomponza. Maswali yanayofaa ni madogo. Asubuhi ulikuwa unashika chombo gani? Nani alikuonyesha? Uliacha lini kubeba, ukaanza lini kufunga? Hapo hadithi hutoka yenyewe: mwaka wa kwanza alibeba nondo, wa pili aliwekwa kwenye mashine ya kukata na kukunja, wa tatu alifunga nondo za nguzo kwa waya na koleo, wa mwisho alisoma mchoro na kuwapanga wenzake sita zamu ya usiku. Wasifu wake sasa unaweza kusomeka hivi:

"Fundi nondo, ujenzi wa Daraja la Kigongo–Busisi, Machi 2020 hadi Novemba 2024. Nilianza kama msaidizi. Nimekata na kukunja nondo kwa mashine ya umeme, nimefunga nondo za nguzo kwa kufuata mchoro, na mwaka wa mwisho niliongoza kundi la watu 6 zamu ya usiku. Nimefanya kazi juu ya maji kwa kutumia mkanda wa usalama na jaketi la kuokolea."

Hakuna hata neno moja la kujisifu hapo. Msimamizi wa saiti ya reli akisoma, anajua amweke wapi siku ya kwanza.

Upande wa majini kosa ni hilohilo, na limepata utata wa pekee. Mtu huandika kwamba alikuwa "deki, MV Mwanza". MV Mwanza ni jina la kivuko kilichokuwa kikivusha watu na magari Kigongo. MV Mwanza Hapa Kazi Tu ni jina lililotumika wakati wa ujenzi kwa meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo iliyoundwa bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023. Asiyetaja ni chombo kipi, njia ipi na kazi ipi, ama atadhaniwa amejikweza, ama atapuuzwa. Kupanga magari kwenye kivuko kwa uzito bila kukiinamisha upande ni ujuzi. Kufunga kamba gatini wakati wa mawimbi ni ujuzi. Sharti ujuzi huo uandikwe.

Mama lishe wa foleni huandika neno moja, "nimejiajiri", au haandiki chochote. Mwanamke aliyepika wali na samaki kwa sahani hamsini kila siku, akanunua kwa mkopo na kulipa, akaajiri wasichana wawili, ana cha kuliambia jiko la kambi ya mkandarasi. Sahani ngapi, miaka mingapi, wasaidizi wangapi: namba tatu hizo zinatosha.

Tahadhari inahitajika hapa. Kufungua mstari si kuongeza chumvi. Nchi inakumbuka uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma 9,932 waliorodheshwa kwa vyeti vya kughushi. Saidia fundi aliyejiandika fundi umeme atapewa waya siku ya kwanza, na ukweli utajulikana kabla ya chai.

5. Ushahidi ulio nyuma ya wasifu

Wasifu mzuri bila uthibitisho hufika nusu ya njia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Kifungu cha 15 kinamtaka ampe kwa maandishi, anapoanza, maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa na ujira. Karatasi hizo mbili zingetosha kuwa mifupa ya wasifu wowote. Waombaji wanaozileta ni wachache mno. Kibarua wa mkandarasi mdogo huambiwa kazi imekwisha, hulipwa, huondoka. Baada ya mwezi mkandarasi mwenyewe amehama na namba yake haipatikani. Sheria ipo, fomu ipo, na kinachokosekana ni mtu wa kuidai siku ile ya mwisho getini.

Kwa aliyekwisha kuondoka mikono mitupu, njia zimebaki. Kama alisajiliwa NSSF, taarifa ya michango yake huonyesha mwajiri na miezi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi hupimwa kwa vitendo na akifaulu hupewa cheti bila kurudia kozi nzima. Fundi nondo wa Kigongo ndiye hasa aliyekusudiwa na utaratibu huo.

Majina ni mwiba mwingine. Cheti cha kidato cha nne kinasema Bulugu, kitambulisho cha Taifa kinasema Burugu, kwa kuwa aliyeandika kila kimoja alisikia kwa sikio lake. Sekretarieti ya Ajira hudai hati ya kiapo ya kubadilisha majina, na hati hiyo huchukua muda na fedha. Asiyeishughulikia mapema huzuiwa mlangoni siku ya usaili.

6. Mapendekezo

Mwombaji aandike mwenyewe kwa mkono, kwa Kiswahili, orodha ya kazi alizofanya kabla ya kwenda steshenari, na asikubali kuondoka bila kusomewa kilichochapwa. Kila kazi iwe na miezi, chombo alichoshika na hatua aliyopanda. Mambo anayoyapenda yaachwe. Wadhamini wawe watatu, wanaomfahamu kikazi, na wapigiwe simu kabla ya kuandikwa. Nafasi ya serikali isiombwe kwa hati ya matokeo wala kwa barua ya sifa; matangazo husema wazi kwamba hazikubaliki.

Mwenye steshenari aweke ukurasa mmoja wa maswali mezani, yale madogo ya chombo, mwalimu na tarehe, mteja ayajibu wakati anasubiri. Afute wasifu wa mteja akishalipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kompyuta nyingi bado zimejaa namba za vitambulisho vya Taifa (NIDA) za watu waliopita miaka mitano nyuma. Faili likifutwa, kishawishi cha kugeuza jina nacho hupungua.

Wakandarasi wa reli na wakandarasi wadogo walio chini yao watoe cheti cha utumishi pamoja na malipo ya mwisho, kwa mkono uleule, hata kwa kibarua wa zamu. Jambo hili limekwisha kusemwa kwenye sehemu ya tano na linarudiwa kwa makusudi. Mkandarasi mkuu aweza kuliweka sharti hilo kwenye mikataba yake na wadogo. Halimgharimu zaidi ya karatasi na muhuri.

Halmashauri za Misungwi na Sengerema, kwa kadiri bajeti inavyoruhusu, zishirikiane na VETA kuleta upimaji wa ujuzi karibu na waliojenga daraja wakati wasimamizi waliowafahamu bado wanapatikana kwa simu. Afisa kazi wa mkoa aombwe kufika saiti wiki za mwisho za mradi wowote, kwa sababu baada ya geti kufungwa hakuna wa kuulizwa.

Waandaaji wa semina za wasifu wapunguze vielelezo. Mshiriki asipewe wasifu uliojazwa wa mtu mwingine. Apewe karatasi tupu, kalamu, na mwenzake wa kumuuliza alikuwa anashika chombo gani asubuhi.