Minyoo Mviringo ya Mbwa na Paka kwa Binadamu: Chanzo cha Maambukizi na Mahali pa Kuyadhibiti

Toksokariasi ni ugonjwa unaompata binadamu anapomeza mayai yaliyokomaa ya minyoo mviringo ya jenasi Toxocara, ambayo makao yake ya asili ni utumbo mwembamba wa mbwa, ikiwa ni Toxocara canis, au wa paka, ikiwa ni Toxocara cati. Hoja ya mada hii ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hutafutwa mahali usipokuwapo, yaani katika choo cha mgonjwa na katika manyoya ya mnyama anayeshikwashikwa, ilhali chanzo chake kikubwa ni mtoto wa mbwa mwenye umri wa wiki chache na udongo anaouchafua.

Mnyoo jike wa Toxocara canis huweza kutaga hadi mayai 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo yanapotoka pamoja na kinyesi huwa bado hayawezi kuambukiza, kwa kuwa huhitaji wiki mbili hadi nne hivi katika udongo wenye unyevu na joto la kutosha ili ndani yake ikue lava, yaani mnyoo mchanga usiokomaa. Yakishafikia hatua hiyo, ganda lake nene huyakinga dhidi ya dawa nyingi za kuulia vijidudu, na yanaweza kubaki hai ardhini kwa miaka. Ndiyo maana kinyesi kilichozolewa siku hiyohiyo hakina hatari kubwa, lakini uwanja uliochafuliwa miezi kadhaa iliyopita, ambao kwa macho unaonekana safi kabisa, unaweza kumwambukiza mtoto anayecheza na kutia vidole kinywani. Hatari hiyo inawahusu pia wenye mazoea ya kula udongo, mazoea yanayojulikana sana Afrika Mashariki, hasa miongoni mwa wajawazito. Paka naye, kwa tabia yake ya kufukia kinyesi mahali palipo laini, huvutwa na lundo la mchanga wa ujenzi, ambalo ndilo uwanja wa michezo wa watoto wa mtaa mzima. Suala hili lina uzito wa pekee katika miji ya pwani, kama Lamu, ambako paka huzurura kwa wingi.

Mbwa wengi waliokomaa huwa na minyoo michache tumboni, lakini ndani ya misuli na viungo vya mbwa jike hubaki lava zilizolala. Mimba inapokaribia wiki yake ya sita, lava hizo huamka na kupitia kondo la nyuma hadi kwa watoto walio tumboni, na nyingine huwafikia baadaye kwa njia ya maziwa, kwa hiyo watoto hao huzaliwa wakiwa wameshaambukizwa na huanza kutoa mayai wakiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kumpa mama dawa ya minyoo ya kawaida hakutoshi, kwa sababu dawa hiyo haiziui lava zilizolala mwilini. Watoto wa paka huambukizwa kwa maziwa, si tumboni mwa mama.

Ndani ya mwili wa binadamu, lava hutoka kwenye yai, hupenya ukuta wa utumbo na kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye ini, mapafu, ubongo au jicho, lakini hazikui kamwe kuwa minyoo inayotaga. Kwa sababu hiyo, kupima choo cha mgonjwa hakuwezi kuuonyesha ugonjwa huu. Kinachohitajika ni kipimo cha kingamwili katika damu, kikisomwa pamoja na dalili na kiwango cha eosinofili, ambazo ni chembe nyeupe za damu zinazoongezeka mwili unapopambana na minyoo. Katika maeneo yenye kichocho na safura, ongezeko hilo peke yake halithibitishi lolote, jambo linalofanya utambuzi kuwa mgumu zaidi kwetu kuliko kwingineko.

Ugonjwa wa viungo vya ndani, unaoleta homa, kikohozi, kifua kubana na ini kuvimba, ulielezwa mwaka 1952 na Paul Beaver na wenzake huko New Orleans, Marekani. Miaka miwili kabla, mwanapatholojia Helenor Wilder alikuwa amechunguza macho 46 ya watoto yaliyong'olewa kwa kudhaniwa kuwa na saratani ya retina, akakuta lava za minyoo au mabaki yake katika macho 24. Ni vigumu kuisoma takwimu hiyo bila simanzi, kwa maana inahusu watoto waliopoteza jicho kwa ugonjwa ambao haukuwa saratani. Daktari wa macho anayekutana na mtoto mwenye makengeza ya ghafla, au mboni yenye weupe katika jicho moja, anapaswa kuukumbuka uwezekano huu, akijua pia kwamba katika hali hiyo kipimo cha damu kinaweza kutoonyesha chochote.

Matibabu ya kawaida ya ugonjwa wa ndani ni albendazo miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa siku tano, kwa hiyo dozi moja itolewayo shuleni dhidi ya minyoo ya tumbo isihesabiwe kuwa tiba ya toksokariasi. Kinga yenye nguvu zaidi iko kwa mganga wa mifugo: mtoto wa mbwa apewe dawa kama piranteli akiwa na wiki mbili, kabla hajaanza kutoa mayai, kisha arudie kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, na mama yake atibiwe sambamba naye. Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa zinatoa nafasi nzuri ya kulifanya hili, lakini wamiliki wengi huwaacha nyumbani watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu wakidhani kwamba ni wachanga mno kuchanjwa. Tangazo la kampeni likiwataka waziwazi waje nao, dozi ya minyoo inaweza kutolewa papo hapo, na mmiliki akakabidhiwa tarehe za dozi zinazofuata.