Sadaka, Stakabadhi na Kifungu cha 18A

 

Ndugu zangu katika imani, jana baada ya tarawehe alinijia kijana wetu mmoja na karatasi ya benki mkononi. Alitoa randi 6,000 za chakula cha mafakiri, akaidai katika hesabu zake za kodi, akakataliwa. Akaniuliza: “Sheikh, kwani benki si shahidi?” Benki imeshuhudia kwamba fedha zimetoka. Haikushuhudia aliyezipokea ana idhini gani, wala zimetumika katika nini.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya nchi hii, ya mwaka 1962, katika kifungu cha 18A, humruhusu mtoaji kuondoa sadaka yake katika pato linalotozwa kodi, hadi asilimia 10 ya pato hilo. Ziada huvushwa mwaka ufuatao. Sharti ni stakabadhi ya taasisi iliyoidhinishwa na SARS, yenye namba ya idhini, tarehe, kiasi, jina na anwani ya mtoaji, na tamko kwamba mali itatumika katika shughuli zilizoidhinishwa. Tangu tarehe 1 Machi 2023 imeongezwa namba ya kitambulisho au pasipoti. Basi msimkasirikie mweka hazina akiwauliza. Si udadisi wake.

Sasa lipo zito zaidi. Kujenga msikiti, mazulia, mshahara wa imamu (hapa najisemea mwenyewe) hayamo. Taasisi ya dini yaweza kusamehewa kodi, lakini mchango wa shughuli za dini haumpi mtoaji stakabadhi ya 18A. Kulisha maskini, kusomesha, kutibu: hayo yamo. Mwaka jana mtu ninayempenda aliniomba niandike fedha za mazulia kuwa ni za chakula. Nilikataa. Huo ni ushahidi wa uongo, na taasisi ikinyang’anywa idhini, watakaolala njaa si sisi.

Wapo wanaoona kudai stakabadhi ni ria. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandika si kutangaza. Apendaye kuificha sadaka yake na aifiche, bali asiidai kwenye kodi.

Tunazowatumia jamaa zetu Tanga, Mombasa au Moroni zina malipo yake kwa Mola. Stakabadhi hapa hazina. Na mwaka wa kodi hufungwa mwisho wa Februari, haufuati Hijria kama zakati. Mweka hazina atakaa mlangoni baada ya witri. Njooni na vitambulisho vyenu.