Maji Yaliyojificha Ndani ya Kigae: Kutafuta Umri wa Vyungu vya Kale Rulenge



Mkulima wa huku kwetu Rulenge akigonga kigae kwa jembe, hukiokota, hukigeuza mara moja, kisha hukitupa mpakani mwa shamba. Leo naomba tukae na kigae hicho.

Udongo wa mfinyanzi una maji ya namna mbili. Ya kwanza hukauka chungu kinapoanikwa. Ya pili yamefungwa ndani ya chembe za udongo wenyewe, nayo hayatoki mpaka moto ufike kiasi cha nyuzijoto 500. Chungu kilichoiva vizuri hutoka motoni bila maji hayo. Tangu siku hiyo huanza kuyarudisha polepole kutoka katika unyevu unaokizunguka, na hakiachi hata kikifukiwa ardhini. Wanasayansi huiita kazi hiyo rihaidroksilesheni.

Mwaka 2009 Moira Wilson wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake walionyesha kwamba kasi ya maji hayo kurudi ina kanuni. Kigae kikiongeza kipimo kimoja cha uzito katika mwaka wa kwanza, hufikisha viwili mwaka wa 16, vitatu mwaka wa 81, na kumi mwaka wa 10,000. Maabara hukipima kigae, hukichoma upya kutoa maji yote, kisha hufuatilia yanavyorudi katika joto lisilobadilika. Kasi hiyo ndiyo inayotoa umri. Mizani ya maabara lazima iwe makini mno: kosa la asilimia 1 katika uzito huwa kosa la asilimia 4 hivi katika miaka.

Tofali moja la kale la Canterbury, Uingereza, lilitoa umri wa miaka 66 tu. Mji huo uliungua kwa mabomu mwaka 1942. Moto ule ulilifanya tofali lianze kuhesabu upya.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Mkoa wetu wa Kagera ni nchi ya vyungu vya Urewe, vile vyenye kibonyeo kitakoni, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Katuruka, Bukoba Vijijini, mwanaakiolojia Peter Schmidt alivikuta pamoja na mabaki ya uhunzi wa chuma, na mkaa uliopimwa kwa kaboni ukatoa umri wa karne kadhaa kabla ya Kristo. Umri huo ulibishaniwa, kwa sababu mkaa hueleza umri wa mti, na mti unaweza kuwa mzee kuliko moto uliouchoma. Kigae kingejieleza chenyewe.

Hata hivyo, sioni kwamba njia hii iko tayari kwa vigae vyetu. Vyungu vya kuchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi mara nyingine haviivi sawasawa, hivyo maji ya awali hubaki. Masizi na mabaki ya mimea ndani ya udongo huungua maabara na kuharibu hesabu ya uzito. Chungu cha kupikia kimerudi motoni kila siku. Mtungi wa maji una ushahidi safi zaidi, na mtafiti atakayekuja huku aanze nao.

Kabla ya mtungi, nashauri tuanze na matofali ya kuchoma. Rulenge ni makao ya zamani ya misheni, na majengo ya misheni mara nyingi huwa na mwaka wa ujenzi ulioandikwa. Vipande vilivyokwisha kuanguka vinatosha kwa jaribio. Njia ikikosea umri tunaoujua wa tofali, tusiiamini kwa chungu tusichokijua umri wake.

Kwa sasa, walimu wenzangu wa historia, wafundisheni wanafunzi hivi: kigae kikionekana, kiachwe mahali pake, na kina chake kipimwe na kuandikwa. Moto wa kusafishia shamba usiwashwe juu yake, wala kisipelekwe jikoni kuwa kigae cha kuchukulia makaa. Joto la jioni moja laweza kufuta miaka 2,000.