Kipindupindu kinapita kwa mdomo: maneno yetu kwa vijana wa Kolwezi

Wa Manika, wa Dilala, na ninyi mliotoka Kapata na Luilu kwa mguu, aksanti ya kufika.

Leo tunaanza na tumbo. Siasa itafuata yenyewe.

Mtu akianza kuhara mayi meupe kama ya kuoshea mchele, anatapika, macho yanaingia ndani, misuli ya miguu inakaza, mtaani utasikia haraka: "Ni bulozi, bamemuloga." Wapi! Ni kipindupindu. Ni kadudu kadogo, bakteria, kanakotoka kwa mavi ya mgonjwa na kuingia kwa mdomo wa mwingine, ndani ya mayi, chakula ao mikono. Tuseme wazi hata kama inachukiza: aliyekipata amekunywa ao amekula mavi ya mtu.

Sasa tuangalie viwanja vyetu. Kule Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba kwake akakuta jiwe la kobalti. Baada ya hapo watu walichimba mpaka ndani ya nyumba. Mashimo yale dunia nzima iliyapiga picha. Lakini kuna mashimo mengine ambayo hakuna anayeyapiga picha: choo na kisima ndani ya kiwanja kimoja, vinatazamana kama majirani. Mvua inashuka, choo kinajaa, kisima kinakunywa. Kwenye karieri ni mbaya zaidi. Vijana wengi kutwa nzima, choo hakuna, na mkono wenye udongo ndio unakata bukari.

Kinachoua ni kukauka. Kijana mwenye nguvu, aliyebeba mifuko ya madini asubuhi, anaweza kufa kabla jua halijazama. Lakini mgonjwa akitunzwa mapema, anakufa chini ya mmoja kwa 100. Tofauti ni saa chache tu.

Kwa hiyo andikeni hii kwenye simu: litre 1 ya mayi safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, mungoje dakika 10, muanze tena. Mtoto aendelee kunyonya. Na wakati anakunywa, mwingine anaita wewa, maana dawa hii ni ya njiani: inamfikisha kituo cha afya, ambako serumu ya mshipa inamwokoa yule asiyeweza tena kunywa. Vidonge vya kufunga tumbo, hapana. Mkifika, muoshe kiti cha pikipiki na mayi ya klorini. Wewa naye ana watoto.

Ya kuzuia mnaijua: kuchemsha mayi ao kutia klorini, kunawa kwa sabuni (majivu pia yanafaa), kula chakula cha moto. Wanatufundisha pia kwamba choo kikae mita 30 mbali na kisima. Vizuri. Nani hapa ana kiwanja cha kuhesabu mita 30?

Hapo ndipo siasa inaingia. Mwaka 2017 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000 wa kipindupindu na vifo zaidi ya 1,000. Wanatuambia tunawe mikono. Tutanawa, lakini na mayi gani? Mji unatoa kobalti ya betri za dunia, na mama anaamka saa kumi ya usiku kutafuta bidoni moja.

Pesa iko kwa sheria. Kode ya madini ya 2018 inagawa redevansi ya madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 inabaki kwa mji, komine ao sekta ambako madini yanachimbwa. Ile 15 ni yetu. Hatuombi zawadi.

Siku ya posho, saa tatu asubuhi, tunakwenda kwa burgumestre kwa amani, bila mawe, bila matusi. Barua yetu ina swali moja: ya ile 15, ngapi imefika, na imetoa foraji ngapi na vyoo vingapi vya watu wote? Tutangoja jibu mbele ya mlango.

Kila mtu aje na bidoni yake tupu.