Safari ya Motokaa Kupanda Amani

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwachukua safari fupi, ya siku moja au mbili, kutoka Tanga mjini hata msitu wa Amani, ulio juu ya milima ya Usambara ya Mashariki. Si safari ya kuongozwa. Hakuna mtu atakayeketi kando ya dereva na kumwambia, "Tazama kushoto, sasa tazama kulia." Kila mwenye motokaa, au aliyekodi moja pamoja na jamaa zake, au mwenye pikipiki ya breki nzuri, aweza kuifanya mwenyewe. Asiye na chombo aweza kupanda basi Muheza, naye atapita njia ile ile. Ila hatakuwa na uhuru wa kusimama apendapo, na katika safari hii faida imo katika kusimama.

Watu wengi wakisikia neno hifadhi hufikiri simba, tembo na twiga. Mwenye haja ya hao na aende Mkomazi, chini ya Usambara ya Magharibi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Au aende Saadani, kusini ya Pangani, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 nayo yapakana na bahari. Amani ni ya namna nyingine. Ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1997, na leo yatunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kilichohifadhiwa humo ni miti, ndege, vyura, vinyonga, na maji. Hayo maji tuyaweke moyoni tangu sasa, maana njia yetu yote yaelekea yatokako.

Twatoka Tanga asubuhi mapema, kabla jua halijakuwa kali, twapita Pongwe na kushika njia ya lami hata Muheza, kilometa arobaini hivi. Kando ya njia twaona mashamba ya mkonge. Wengi wa wenyeji hudhani mkonge ni mmea wa nchi hii tangu kale, lakini sivyo. Uliletwa mwaka 1893 na Mdachi mmoja, Dakta Richard Hindorf. Miche elfu moja ilitoka Florida katika Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yote yaliyoupatia mkoa huu jina duniani yalianzia katika miche hiyo sitini na miwili, ambayo ingeweza kubebwa na wapagazi wachache. Reli nayo ilianza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893, na ilifika Muheza mwaka 1896. Miaka mitatu kwa mwendo ambao sisi twaumaliza kabla ya chai kupoa katika chupa!

Muheza ni mji wa machungwa. Nunueni hapo, maana huko juu mtayatamani. Jazeni petroli, tazameni mipira ya gari na ule wa akiba, na ulizeni habari za njia kwa madereva wa mabasi wanaoshuka kutoka mlimani. Wao ndio wajuao kama mvua ya jana imeharibu kona au imeangusha mti. Kutoka Muheza hata Amani ni kilometa thelathini na tano hivi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hata Septemba. Wakati wa masika, kuanzia Machi hata Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne haina haki ya kujaribu.

Nchi hii ya chini ni ya Wabondei, ambao jina lao lenyewe lina maana ya watu wa bonde. Twapita mashamba ya minazi, mihogo na michungwa, kisha twaingia katika shamba la misaji la Longuza. Hapo simameni mara ya kwanza. Zimeni mashine ya gari, mshuke, msikilize. Misaji imepandwa kwa safu, imenyoka kama askari katika gwaride. Chini yake hamna kitu ila majani makavu. Ni miti mizuri, na mbao zake zina bei. Lakini sikilizeni kimya cha mahali hapo, mkikumbuke, kwa sababu baada ya saa moja mtasimama tena chini ya miti mingine, na masikio yatawaambia tofauti kabla ya macho.

Mbele kidogo njia yakaribia mto Zigi, na baada ya vijiji kadhaa twafika mahali paitwapo Zigi, yapata mita 450 juu ya bahari. Hapa ndipo mlango wa hifadhi. Andikeni majina yenu, lipeni kiingilio, nacho kwa mwananchi ni kidogo kuliko kwa mgeni wa nchi nyingine, na mpewe cheti. Atakaye kiongozi wa kutembea msituni kwa miguu atampata. Tazameni pia nyumba ya kale iliyopo hapo. Ilikuwa ya msimamizi wa stesheni, kwa kuwa zamani za Wadachi palikuwa na reli nyembamba iliyotoka Tengeni, karibu na Muheza, ikaja kuishia hapa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua magogo ya mlimani. Reli imeondolewa zamani, nyumba imebaki, na siku hizi hutumiwa kuwapa wageni habari za msitu ule ule ambao reli ilijengwa ili kuupunguza.

Kutoka Zigi twaanza kupanda. Ni mwendo wa kilometa kumi hivi, wenye kona baada ya kona, na mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili bonde. Pigeni honi kabla ya kila kona. Malori ya chai hushuka njia hii, na ada ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Tumieni gea ndogo, wala msione haya kwenda polepole. Kwa hakika, anayefika Amani kwa nusu saa ameupoteza mlima.

Simameni penye nafasi, mzime mashine tena. Sasa mtasikia maji yakianguka mahali yasipoonekana, vyura, ndege wa sauti nyingi, na pengine mvumo mkubwa juu ya vichwa kama wa mtu anayepunga mkeka; huyo ni hondohondo akipiga mbawa. Mbega nao huwako, weusi kwa weupe, wakiruka kutoka mti hata mti. Kwenye miamba yenye ukungu na kivuli, kando ya vijito, mwenye bahati ataona ua dogo la rangi ya zambarau, majani yake yana manyoya laini. Mwaka 1892 liwali wa Kidachi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo katika nchi hii akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo hukaa katika vyungu dirishani mwa nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani. Hapa kwao, mahali linapoota lenyewe ni pachache, na hapana haja ya mtu kulikanyaga ili life. Mti ulio juu yake ukikatwa, jua lapenya, ukungu wakauka, na ua lakauka pia. Basi tazameni, wala msichume.

Huenda mtu akauliza, kwa nini pawe na maji mengi hivi juu ya mlima, na huko chini pawe pakavu? Upepo utokao baharini huja umebeba unyevu. Ukikuta milima hii, ambayo ni ya kwanza mbele yake, hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huacha maji yake. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua majani hunasa ukungu na kuudondosha. Udongo ulio chini ya miti hunywa maji hayo, kisha huyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Ndiyo asili ya mto Zigi. Mto huo huteremka hata bwawa la Mabayani, lililojengwa katika miaka ya 1970, na kutoka bwawa hilo mji wa Tanga hupata maji yake ya bomba. Mama anayefungua mfereji Ngamiani afungua ukungu wa Amani, ajapokuwa hajapanda mlima huu siku zote za maisha yake. Mlima ukivuliwa miti, mvua itashuka yote kwa siku moja pamoja na udongo, na bwawa litajaa matope. Mwanzoni mwa karne hii watu walipochimba dhahabu katika vijito vya milima hii, maji yalichafuka.

Kwenye mita 900 na kidogo twafika Amani penyewe, na hewa imebadilika kama kwamba tumevuka nchi. Mwaka 1902 Wadachi waliweka hapa chuo cha kuchunguza kilimo na mimea, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia ili kuona ipi itastawi: mipira, kahawa, miti ya kwinini, viungo, mbao za kila namna. Vita vya 1914 vilipowakatia njia ya baharini, ni Amani iliyowatengenezea kwinini, sabuni na mishumaa. Baadaye Waingereza waliendelea na uchunguzi wa kilimo, na baada ya kazi hiyo kuhamishiwa Kenya, wataalamu wa malaria waliingia katika majumba yale. Kipo kitongoji kiitwacho Mikwinini, na msikilizaji hana haja ya kuelezwa sababu.

Tembeeni bustanini mpate kuona miti hiyo ya kigeni, lakini jueni kwamba si yote iliyokubali kukaa ilipopandwa. Upo mmoja ulioletwa mnamo mwaka 1913, mti uitwao msizi, ambao kwao ni upande wa Uganda na Kongo. Hukua upesi, nao ulipandwa kwa wingi mahali palipokatwa miti ya asili. Hondohondo yule tuliyemsikia njiani hupenda sana matunda yake, akaenda akiyapanda kila atuapo. Leo msizi umo katikati ya msitu wa asili pasipo kualikwa na mtu.

Msigeuze gari bado. Shikeni njia ya Kwamkoro au ya Monga, mwone mashamba ya chai yamepambana na msitu, kijani cha kung'aa na kijani cheusi, na mpaka kati yao umenyoka kama uliokatwa kwa kisu. Ndio mandhari inayopigwa picha kuliko yote, nayo ni nzuri kweli. Upande wa Derema, Wadachi walipanda kahawa tangu mwaka 1891, wakidhani udongo unaokuza miti mikubwa vile lazima uwe na nguvu nyingi. Kahawa ikashindwa. Nguvu ya msitu haimo sana udongoni. Imo katika majani yaangukayo na kuoza na kurudi mtini, na anayekata miti huiondoa pamoja na magogo.

Huko huko Derema wakulima walikuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha msitu, na fedha zake zilisomesha watoto wengi. Mwanzoni mwa karne hii iliamuliwa kwamba sehemu hiyo iachwe iwe ushoroba wa kuunganisha misitu, ili viumbe vipate kupita, na wakulima zaidi ya elfu moja waliondoka katika mashamba yao ya iliki. Fidia ilikuja, lakini ilichukua miaka, na wengi walisema haikulingana na zao linalovunwa kila mwaka. Sisi twaona uamuzi wa kuunganisha misitu ulikuwa sawa, na malalamiko ya wakulima yalikuwa sawa pia. Msafiri apitaye kwa gari huona miti tu. Haoni iliki iliyokuwapo wala watu walioilima. Kadhalika tangu mwaka 2003 wanakijiji walifuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado katika vifuko vyao, biashara ambayo haikuhitaji kukatwa mti hata mmoja. Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na kipepeo akahesabiwa pamoja na wengine.

Basi, mkipita vijijini, msipite na vioo vimefungwa. Semeni, "Shikamoo mzee," mkanunue ndizi, au viungo, au chai kikombe kimoja. Mzee wa Kisambaa aketiye barazani atawaonyesha msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta mazuri, na atawaambia kijito kipi kilikuwa kikubwa alipokuwa mtoto. Hiyo ni elimu isiyoandikwa katika kibao chochote cha njiani.

Wanaolala huko wachukue sweta na blanketi. Baridi ya usiku humshangaza mtu wa pwani. Wanaorudi siku ile ile waanze kushuka kabla ya saa kumi, kwa maana ukungu huja jioni na kuficha kona. Shukeni kwa gea ile ile mliyopandia, msitegemee breki peke yake, kwani zikipata moto hazishiki. Mkifika Zigi, simameni kidogo zipoe, mkanawe uso mtoni. Maji hayo yatawatangulia Tanga.

Kwaherini.